Jeraha Lisilopata Damu: Mwongozo Kamili wa Maambukizi ya Bakteria Wasiotaka Oksijeni, Tangu Kuosha Hadi Kisu

Antibiotiki husafiri kwa damu. Pale damu isipofika, dawa nayo haifiki, hata ukiongeza dozi mara mbili au ukibadilisha chupa kila asubuhi. Ndiyo maana maambukizi yanayokua kwenye nyama iliyokosa oksijeni ni kazi ya kisu kwanza, sindano baadaye. Wagonjwa wengi wanaopoteza mguu au maisha kwa ugonjwa huu walipewa dawa nzuri. Walichokosa ni mtu wa kufungua jeraha mapema.

Nimewaandikia matabibu, wauguzi na madaktari vijana wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, kule ambako majeruhi wa bodaboda, mama aliyetoka kujifungua na mzee mwenye kisukari hupokelewa na watu wale wale wachache wa zamu. Asiye mhudumu wa afya naye atapata la kumfaa, hasa namna ya kujua kwamba maumivu ya ndugu yake si ya kawaida. Dozi ninazotaja ni za mtu mzima asiye na tatizo la figo wala ini. Kwa mtoto piga hesabu kwa uzito, na mwongozo wa tiba wa nchi yako ndio wenye kauli ya mwisho.

Wanatoka wapi, na kwa nini wanakua pale

Mwaka 1861 Louis Pasteur alionyesha kwamba wapo vijidudu wanaoishi bila hewa, na kwamba hewa yenyewe huwadhuru. Wengi wao tunaishi nao kila siku. Kwenye utumbo mpana wanawazidi bakteria wanaotumia oksijeni kwa takriban 1000 kwa 1. Wapo kwenye ufizi na kwenye uke. Kundi la pili ni jamii ya Clostridium, wanaokaa kwenye udongo, samadi na kinyesi kwa umbo la spora, mbegu ngumu zisizokufa kwa kukaushwa wala kwa spiriti. Clostridium perfringens, msababishi mkuu wa gangrini ya gesi (kuoza kwa msuli kunakotoa gesi), alielezwa na William Welch na George Nuttall huko Baltimore mwaka 1892. Yule wa pepopunda alikuwa ametengwa na Kitasato Shibasaburo miaka mitatu kabla.

Kwenye msuli hai wenye damu nzuri hawafanyi lolote. Hupata nafasi pale mshipa unapokatika, nyama inapopondwa, udongo au kipande cha nguo kinapobaki ndani, au uvimbe unapobana mishipa midogo hadi ikafunga. Pia husaidiwa na wenzao. Bakteria kama E. coli wakiingia nao pamoja hutumia oksijeni kidogo iliyobaki, na hivyo kuwaandalia makazi. Chembe nyeupe za damu nazo zinahitaji oksijeni ili ziue, kwa hiyo mahali wanapostawi adui ndipo walinzi wanapolegea. Clostridium akishaanza kukua hutoa sumu inayoua msuli ulio jirani na kuziba mishipa yake. Nyama mfu inazaa nyama mfu nyingine. Mchakato huu unakwenda kwa saa, wala si kwa siku.

Hatua ya 1: Lijue jeraha hatari kabla halijaoza

Usipime hatari kwa ukubwa wa tundu kwenye ngozi. Msumari uliopenya kiatu huacha alama ndogo kabisa, lakini umebeba udongo hadi kwenye mfupa wa mguu. Jiulize kilichotokea chini ya ngozi.

Chukulia kuwa hatari jeraha lolote lenye udongo, samadi au majani ndani. Mvunjiko wa wazi. Nyama iliyopondwa na gurudumu au mashine. Jeraha la risasi. Kuumwa na binadamu au mnyama. Na lolote lililokaa zaidi ya saa 6 bila kuoshwa. Ongeza wale ambao damu yao haifiki vizuri hata bila jeraha: wenye kisukari, wenye mishipa iliyoziba, wavutaji sigara wa muda mrefu.

Halafu kuna jeraha tunalolitengeneza wenyewe. Kamba inayofungwa juu ya mguu ulioumwa na nyoka haizuii sumu ya kutosha kuokoa mtu, ila inaweza kuua nyama yote iliyo chini yake. Vivyo hivyo hogo (plasta ngumu ya mfupa) lililobana au vibao vilivyokazwa kwa kitambaa juu ya mkono uliovunjika. Mgonjwa wa hogo akilalamika kwamba maumivu yanaongezeka, vidole vinakufa ganzi, au kunyoosha vidole kunamliza, pasua hogo lote kutoka juu hadi chini pamoja na pamba yake saa hiyo hiyo. Usimpe kidonge cha maumivu na kumwambia arudi kesho. Maumivu yasipotulia, anahitaji kufunguliwa faskia, yaani ule utando mgumu unaofunika misuli, kabla msuli haujafa.

Hatua ya 2: Osha, kata, acha wazi

Hapa ndipo tunaposhinda vita au kushindwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, mapigano ya Ufaransa na Ubelgiji yalikuwa kwenye mashamba yaliyotiwa samadi kwa karne nyingi. Vipande vya makombora viliingiza udongo huo na nguo chafu ndani kabisa ya misuli, na gangrini ya gesi ikawamaliza askari wengi. Penisilini haikuwapo. Madaktari wa upasuaji kama Antoine Depage wa Ubelgiji walijifunza kupanua jeraha, kukata nyama yote iliyokufa, kisha kuliacha wazi na kulishona siku kadhaa baadaye likishakuwa safi. Alexis Carrel na Henry Dakin nao walileta utaratibu wa kuosha kwa maji ya hipokloriti ya asilimia 0.5. Kanuni hiyo ya kukata na kuacha wazi bado ndiyo inayofuatwa na madaktari wa vita hadi leo, pamoja na dawa zote tulizo nazo.

Ufanye hivi:

1. Mpe dawa ya maumivu ya kutosha, na antibiotiki ya kwanza ndani ya saa moja tangu afike. Kwa mvunjiko wa wazi, sefazolini gramu 2 kwa mshipa. Ukiona udongo wa shamba au samadi, ongeza benzilipenisilini au metronidazoli.

2. Osha ngozi inayozunguka kwa sabuni na maji, kisha jeraha lenyewe kwa maji mengi. Maji safi ya kunywa yanafaa kabisa, si lazima yawe ya chupa ya dripu. Mvunjiko wa wazi huhitaji lita 3 ukiwa mdogo, na hadi lita 9 ukiwa mkubwa na mchafu. Ukitumia bomba moja la sindano la mililita 20 ukasema umeosha, hujaosha.

3. Panua ngozi kwa kisu kufuata urefu wa mguu au mkono hadi uone mwisho wa jeraha. Huwezi kusafisha usipoona. Toa kila kitu kigeni.

4. Kagua msuli kwa mambo manne: rangi, ugumu, kujikunja unapoubana kwa koleo, na kutoa damu unapoukata. Msuli mwekundu unaoruka na kutoa damu uache. Ule wa rangi ya tope, unaolegea kama uji na kukaa kimya unapobanwa, ukate hadi ufikie unaotoa damu. Usifunge kamba ya kuzuia damu wakati wa kazi hii isipokuwa mgonjwa anamwaga damu kiasi cha kufa, kwa sababu damu ndiyo inayokuonyesha mpaka.

5. Usishone. Weka shashi kavu au yenye unyevu kidogo, bila kuishindilia kama kizibo, funika kwa pamba nyingi, funga bandeji isiyobana, kisha tuliza mfupa uliovunjika.

Uso na ngozi ya kichwa vina damu nyingi na huweza kushonwa siku ile ile vikishasafishwa. Utando wa kiungo, wa ubongo na wa kifua navyo vifunikwe. Kwingineko, jeraha chafu linaloshonwa siku ya kwanza kwa sababu ndugu wamesema "lakini daktari, mbona mmemwacha wazi?" ni chumba kisicho na hewa tulichokijenga kwa mikono yetu. Waeleze ndugu mapema kwamba kuacha wazi ndiyo tiba yenyewe.

Usipulize haidrojeni peroksaidi ndani ya jeraha refu lenye tundu dogo. Povu lake ni gesi, na gesi hiyo inaweza kuingia kwenye mshipa ikasafiri hadi moyoni.

Hatua ya 3: Pepopunda isisahaulike

Jeraha chafu kwa mtu aliyekamilisha chanjo lakini dozi ya mwisho ina zaidi ya miaka 5: mpe chanjo ya kuongeza nguvu, mililita 0.5 kwenye msuli. Jeraha safi dogo, mpaka ni miaka 10. Mwenye jeraha chafu asiyejua historia yake au ambaye hakumaliza dozi tatu apewe chanjo na pia kingamwili ya binadamu, yuniti 250, kwenye mkono mwingine na kwa sindano nyingine. Kama jeraha lina zaidi ya saa 24 au limechafuka sana, yuniti 500. Pale inapopatikana ile ya farasi tu, dozi ni yuniti 1500 baada ya kupima mzio, na adrenalini iwe karibu. Panga tarehe za dozi zinazofuata kabla hajaondoka.

Hatua ya 4: Zisome dalili, maumivu yakitangulia

Dalili ninayotaka uikumbuke kuliko zote ni maumivu yasiyolingana na unachokiona. Jeraha la jana linaonekana la kawaida, ngozi imevimba kidogo, lakini mgonjwa anapiga kelele na dawa iliyomtuliza usiku sasa haimtulizi. Hapo fungua bandeji, hata kama ni saa nane ya usiku.

*Gangrini ya gesi* huanza mara nyingi kati ya siku ya 1 na ya 4, ingawa inaweza kuanza ndani ya saa 6. Mguu unakuwa mzito. Mapigo ya moyo yanapanda kuliko homa inavyostahili. Ngozi inapauka, kisha inapata rangi ya shaba, halafu zambarau yenye malengelenge. Kwenye jeraha hutoka majimaji mepesi ya kahawia yenye harufu ya utamu unaochefua, bila usaha mzito. Ukibonyeza unahisi kuchakarika chini ya vidole. Mgonjwa anaweza kuwa na akili timamu na hofu kubwa, akijua anakufa, hadi saa za mwisho.

*Kuoza kwa faskia* huenda chini ya ngozi inayoonekana nzima. Maumivu yanavuka mpaka wa wekundu, eneo linakuwa gumu kama ubao, kisha maumivu yanageuka kuwa ganzi kwa sababu neva zimekufa. Ganzi hiyo isikufariji. Ikitokea kwenye korodani na msamba huitwa gangrini ya Fournier, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1883, na mara nyingi chanzo ni jipu la njia ya haja kubwa au maambukizi ya njia ya mkojo kwa mwenye kisukari.

*Jipu la bakteria mchanganyiko* lina usaha wenye harufu mbaya inayojaza chumba. Harufu hiyo ni ushahidi mzuri sana wa bakteria wasiotaka oksijeni, lakini kukosekana kwake hakuwaondoi.

Eksirei ikionyesha gesi kwenye misuli inaongeza uzito wa shaka yako. Isipoonyesha haithibitishi chochote. Kama una shaka ya faskia kuoza, fanya kipimo cha kidole: choma ganzi, kata sentimita 2 hadi kwenye faskia, ingiza kidole. Ikiwa hakuna damu, majimaji ni ya kijivu, na kidole kinateleza juu ya faskia bila kuzuiwa, umepata jibu. Mgonjwa aende chumba cha upasuaji.

Tahadhari moja: mwenye kisukari wa miaka mingi anaweza asihisi maumivu kabisa kwenye mguu unaooza. Kwake soma uvimbe, harufu, na sukari iliyopanda ghafla bila sababu.

Hatua ya 5: Saa ya kwanza

Haya yote yafanyike wakati chumba cha upasuaji kinaandaliwa, si badala yake. Oksijeni. Kanula mbili kubwa. Damu ya kupima kundi, hemoglobini, sukari na figo. Mpira wa mkojo, ukilenga angalau nusu mililita kwa kilo kwa saa. Dripu ya Ringer kwa mtu mzima aliye kwenye shoku (damu haifiki viungoni vya kutosha), ukimkagua kila baada ya mililita 500: mapafu, kupumua, mkojo, shinikizo la damu. Kwa watoto uwe mwangalifu zaidi. Utafiti wa FEAST uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali na dalili za shoku waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Hao hawakuwa wagonjwa wa upasuaji, lakini onyo linabaki: toa maji, tazama, ndipo uongeze.

Dawa:

- Ukishuku gangrini ya gesi: benzilipenisilini yuniti milioni 2 hadi 4 kila saa 4 kwa mshipa, pamoja na klindamaisini miligramu 600 hadi 900 kila saa 8. Klindamaisini inazuia bakteria kutengeneza sumu, jambo ambalo penisilini peke yake haifanyi vizuri.
- Kuoza kwa faskia au maambukizi mchanganyiko: piperasilini na tazobaktamu, au meropenemu, pamoja na klindamaisini. Zisipokuwapo, seftriaksoni gramu 2 mara moja kwa siku na metronidazoli miligramu 500 kila saa 8, na uongeze klindamaisini ukiipata.

Mambo mawili yanachanganya wengi. Gentamaisini haiwagusi bakteria hawa, kwa kuwa inahitaji oksijeni ili iingie ndani ya chembe ya bakteria. Na metronidazoli, hodari ilivyo, haiwaui wale wanaotumia oksijeni, hivyo usiitoe peke yake kwa maambukizi mchanganyiko. Uwezo wake huu ulijulikana kwa bahati: ilikuwa dawa ya trikomonasi, kijidudu cha ukeni, hadi mwaka 1962 daktari wa meno wa Uingereza, David Shinn, aliporipoti kwamba fizi za mgonjwa aliyekuwa akiitumia nazo zilipona.

Hatua ya 6: Sampuli

Kijiti cha pamba kilichopanguswa juu ya kidonda hakina maana hapa. Vuta usaha kwa bomba la sindano, toa hewa yote, ziba, au kata kipande cha nyama kutoka mpakani. Usiweke kwenye friji. Peleka maabara mara moja na uombe kipimo cha Gram, kinachotoa jibu ndani ya saa moja. Vijiti vinene vya rangi ya zambarau vikionekana huku chembe nyeupe zikiwa chache, ni Clostridium hadi ithibitike vinginevyo. Usaha unaonuka, wenye bakteria kwenye darubini, lakini "haukuota kitu" maabara, una bakteria wasiotaka oksijeni. Usisimamishe dawa kwa sababu ya jibu hilo. Wala usisubiri majibu ndipo umpeleke mgonjwa kwenye kisu.

Hatua ya 7: Upasuaji wenyewe

Kwa mgonjwa aliye kwenye shoku, ketamini miligramu 1 hadi 2 kwa kilo ni salama kuliko ganzi ya mgongoni, ambayo itashusha shinikizo lililokwisha kushuka.

Kata kwa urefu, na usiogope kovu. Fungua faskia yote iliyohusika. Kwenye kuoza kwa faskia, endelea kukata hadi pale faskia ni nyeupe inayong'aa, inashikamana na nyama yake, na kidole hakipenyi tena. Ngozi iliyokufa iende nayo. Kwenye gangrini ya gesi, ondoa kila msuli usioruka wala kutoa damu. Kama kundi moja tu la misuli limekufa, toa kundi hilo uokoe mguu. Kama makundi yote yamekufa na mgonjwa anazama, kata mguu juu ya msuli uliokufa, uache kigutu wazi. Kukata chini kidogo kwa huruma, ukaacha msuli mfu kwenye kigutu, ni kumrudisha mgonjwa mezani akiwa mbaya zaidi, kama atawahi kurudi.

Ukiwa na shaka kati ya kukata kidogo na kukata vya kutosha, kata vya kutosha. Ngozi itapandikizwa baadaye.

Jipu ni rahisi zaidi: fungua kwa upana, vunja vyumba vyote kwa kidole, osha, acha mrija au shashi iliyolegea. Tundu la milimita tano juu ya jipu la nusu lita linaziba kesho yake.

Chumba cha oksijeni yenye shinikizo hutumika katika hospitali chache zenye mitambo hiyo, baada ya kisu. Mgonjwa asicheleweshwe hata saa moja kwa ajili ya kusafirishwa kwenda huko kabla hajakatwa nyama mfu.

Hatua ya 8: Rudi ndani ya saa 24

Usisubiri aharibike. Unapomaliza upasuaji wa kwanza wa gangrini au faskia, andika kwenye faili muda wa wa pili, kati ya saa 12 na 24. Wengi wanahitaji mara mbili, tatu au zaidi. Jeraha la kawaida lililoachwa wazi ni tofauti. Hilo lisifunguliwe kila siku wodini mbele ya nzi. Liache hadi siku ya 4 au ya 5, isipokuwa kuna homa, maumivu, harufu, au bandeji inayovuja. Siku hiyo ukilikuta jekundu, kavu, lisilo na usaha, lishone bila kulivuta. Kati ya siku ya 4 na ya 7 ndio wakati mzuri. Lisipofungika kwa urahisi, pandikiza ngozi.

Chakula kisisahaulike. Mgonjwa mwenye kidonda kikubwa anapoteza protini kila siku: mayai, dagaa, maharage, maziwa, vyote vina kazi.

Tumboni: maambukizi yenye awamu mbili

Miaka ya 1970 watafiti wa Marekani waliweka uchafu wa utumbo tumboni mwa panya. Wengi walikufa siku za mwanzo kwa sumu ya E. coli, na waliopona wote wakapata majipu yenye Bacteroides fragilis, bakteria wa utumbo asiyetaka oksijeni. Gentamaisini peke yake ilizuia vifo lakini si majipu. Klindamaisini peke yake ilizuia majipu lakini si vifo. Ndiyo sababu tumbo lililotoboka linatibiwa kwa dawa mbili, au kwa moja inayofanya kazi zote mbili. Bacteroides hutengeneza kimeng'enya kinachovunja penisilini, basi usiitegemee hapa.

Kidole tumbo kilichopasuka, utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, utumbo mpana uliojisokota hadi ukaoza: kanuni ni ile ile. Funga au toa chanzo, ondoa uchafu, osha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, funga ukuta wa tumbo lakini acha ngozi wazi pale uchafu ulipokuwa mwingi. Chanzo kikishadhibitiwa vizuri, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Marekani na Kanada ulionyesha kwamba takriban siku 4 za antibiotiki zinatosha. Homa inayorudi siku ya 5 hadi ya 10 na kuharisha kamasi humaanisha jipu kwenye nyonga: pima kwa kidole njia ya haja kubwa, fanya ultrasaundi, litoe.

Kwa upasuaji uliopangwa wa utumbo mpana, sefazolini gramu 2 na metronidazoli miligramu 500 zitolewe ndani ya saa moja kabla ya kukata ngozi. Kuendelea na sindano kwa siku tano baada ya upasuaji safi uliokwisha hakumlindi mtu.

Mama mwenye homa, maumivu ya chini ya tumbo na uchafu unaonuka baada ya kujifungua au mimba kutoka huenda ana nyama mfu ndani ya mji wa mimba. Mpe ampisilini, gentamaisini na metronidazoli, kisha safisha mji wa mimba bila kuchelewa. Usiulize kwanza mimba ilitokaje. Akiwa na manjano ya ghafla na mkojo mweusi kama kahawa, damu inavunjwa na sumu ya Clostridium, na huenda mji wa mimba ukalazimika kutolewa.

Kinywani na shingoni

Jino la chini la nyuma lililooza linaweza kuleta uvimbe mgumu chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi ukainuliwa, mate yakadondoka. Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza mwaka 1836, na kinachoua ni kuziba kwa njia ya hewa. Usimlaze chali. Mkalishe, ita mtu anayeweza kufungua koo, toa dawa, fungua uvimbe, ng'oa jino. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, hasa aliyetoka kuugua surua, kidonda cha ufizi kinachonuka kitibiwe siku hiyo hiyo kwa amoksilini, metronidazoli na lishe. Ni mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula shavu, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023.

Rufaa, na mazungumzo na ndugu

Kama hapo ulipo huwezi kufanya upasuaji mkubwa, bado unaweza kufungua nyuzi zilizobana, kupasua hogo, kutoa usaha ulio wazi, kuanza dripu na dozi ya kwanza. Fanya hayo, ndipo gari liondoke. Piga simu ili chumba cha upasuaji kikae tayari.

Mgonjwa akihitaji kukatwa mguu, keti na ndugu wanaoamua: mke au mume, baba mkubwa, kaka. Waonyeshe mguu wenyewe. Waambie wazi kwamba leo tunachagua kati ya mguu na mtu, na kwamba kesho huenda hakutakuwa na la kuchagua. Wape nafasi ya kushauriana, lakini taja saa: "Mzee, naomba jibu lenu kabla ya saa kumi." Ukisema tu "mkiamua mtuambie", kikao kitafanyika keshokutwa.

Kwenye barua ya rufaa andika saa ya kuumia, jeraha lilikuwaje ulipolifungua, umekata nini, dawa gani na saa ngapi, chanjo ya pepopunda, mkojo aliotoa. Kabla hajapandishwa kwenye gari, chora kwa kalamu ya wino mpaka wa wekundu kwenye ngozi yake, na uandike saa pembeni ya mstari, ili atakayempokea ajue ugonjwa umekimbia umbali gani njiani.